Land Rover ya babako haiuzwi

Mwanangu,

Asalaam alaykum. Huku Sahare hatujambo, wajukuu nibusie. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema nimwite fundi apige puti, ule ujiuji mzito wa kuzibia bodi, apulize rangi, tuiuze kabla ya masika. Nimeona simu haitatosha kukujibu.

Puti ilishapigwa. Unamkumbuka yule fundi aliyetengeneza gari mwaka ule babako anaumwa? Simtaji. Mwezi uliopita niliona rangi imefanya malengelenge kwenye ule ukuta wa chuma unaotenga injini na dereva, chini pale miguu inapokaa. Nikagusa kwa bisibisi, ikazama mpaka mpini. Puti unene wa kidole, na nyuma yake gazeti lililokunjwakunjwa kuzibia tundu. Gazeti, mwanangu! Kazi yake ni kunywa maji na kuyatunza humo humo mwaka mzima.

Wewe ulizoea kusema Land Rover haili kutu kwa kuwa ni alumini. Alumini ni bodi tu. Waingereza walipoanza kuziunda mwaka 1948 chuma kilikuwa cha mgao, vita vilikuwa vimeisha juzi. Chasisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari, na huo ukuta ni chuma kitupu. Na babako, Mungu amrehemu, kila alfajiri alikuwa anateremka soko la Deep Sea kuchukua samaki. Matenga yanachuruzika maji ya chumvi nyuma njia nzima, akifika nyumbani anaosha juu mpaka gari inang'aa. Chini hakuchungulia mtu. Mimi mwenyewe nilikuwa nashika ndoo.

Sasa ile boriti ya nyuma imeoza kutoka ndani kuja nje. Chasisi ni kama boksi refu, ndani wazi. Ina matundu ya kutolea maji, lakini yalizibwa na tope, chumvi ikabaki humo inakula taratibu. Kutu hufura, ikataka nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila, kwa hiyo bati limevimba na linabanduka moja moja kama manda za sambusa. Pale alumini ilipogusana na chuma nimekuta unga mweupe, ukipuliza unaruka. Tulipita na nyundo ndogo tukigonga: penye uzima panalia, palipooza panajibu bu, kama papai bovu.

Fundi wa sasa ni kijana wa Ngamiani, anakuja Jumamosi na mashine yake. Mkono wake wa kuchomelea ni mzuri, lakini kukata bati alikuwa anakisia. Vipande viwili vya milimita 2 vikaenda bure, na bati nanunua mimi. Nikamwambia subiri. Nikaleta boksi la sabuni, nikalibandika juu ya tundu, nikachora kwa chaki, nikaacha ziada ya pindo pale bati linapokunjwa kona, nikakata kwa mkasi wangu wa zamani. Miaka thelathini nimekata mikono ya magauni, itanishinda kona ya Land Rover? Alicheka. Kiraka kilipokaa bila kuguswa na grainda, akanyamaza. Siku hizi ananingoja nimalize kuchora.

Na kuchomelea nako kumbe ni cherehani. Hashoni mstari mmoja mrefu, bati litapinda kwa moto. Anapiga bandi kwanza, nukta huku, nukta kule, anaacha ipoe, ndipo anajaza. Lakini lazima chuma cha pembeni kisafishwe mpaka kiwe cheupe. Ukishona kwenye kutu uzi haushiki. Usiogope, betri tunaitenganisha, tangi la mafuta tulilishusha siku ya kwanza, na ndoo ya mchanga iko pembeni.

Bawaba za milango nazisafisha mwenyewe kwa magadi. Nayakoroga kwenye ndoo ya plastiki, waya hasi wa chaja ya betri nafunga kwenye bawaba, chanya kwenye kipande cha nondo, visigusane. Inatoa povu usiku kucha. Ndoo iko uani mbali na jiko, maana ile hewa inayotoka inawaka. Asubuhi kutu imegeuka tope jeusi, brashi inaondoa.

Imebaki sakafu upande wa abiria na kupaka praima, ile rangi ya chini ya kuzuia kutu. Oili nzito ya kupulizia ndani ya chasisi itasubiri moto wote uishe. Hesabu ya pesa usiniulize, sijakuomba.

Ukija Idi pita Kariakoo uninunulie brashi mbili za waya za duara, zile za kufunga kwenye grainda. Za hapa zinamwaga meno. Na usije na mnunuzi.

Mamako