Namba moja ya damu isitumike kumkatia tamaa mgonjwa wa kisukari

Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili miaka mingi bila kuandika. Habari yenu ya ukurasa wa afya, ile ya kipimo cha damu "kinachotabiri" nani atakufa kati ya wagonjwa wa kisukari waliopata sepsisi (mwili kuzidiwa na maambukizi hadi viungo kuanza kushindwa), imenitoa kimya. Ndugu wa wagonjwa sasa wanakuja wodini kuulizia "kile kipimo cha gazetini".

Kipimo hicho kimoja hakipo. Vipo kadhaa vinavyoonyesha mwili umezidiwa kiasi gani na maambukizi, na vingi kati yake hupotoshwa na kisukari chenyewe au na dawa. Mliandika kwamba lakteti, ile asidi inayojikusanya kwenye damu mwili ukikosa oksijeni ya kutosha, ikizidi 2 ni hatari, hata kizio hamkutaja: ni milimoli kwa lita. Hatari ipo kweli, hasa kama haishuki baada ya dripu. Ila anayemeza metformini, dawa ya vidonge ya kisukari, huku figo zimeshindwa anaweza kupandisha lakteti kwa dawa hiyo, na adrenalini ya kuinua presha huipandisha pia. Prokalsitonini, inayopimwa kuonyesha maambukizi ya bakteria, huwa juu kwa mwenye figo mbovu. Chembe nyeupe za damu hupanda kwenye ketoasidosisi, yaani damu kujaa asidi kwa kukosa insulini, hata pasipo maambukizi. Kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, ya mikromoli 200 kwa lita kwa mtu aliyekuwa nayo tangu mwaka jana si sawa na 200 kwa mtu aliyekuwa na 80 wiki iliyopita.

Chukueni wagonjwa wawili, wote sukari milimoli 18 kwa lita. Mmoja HbA1c yake, kipimo cha wastani wa sukari, ni asilimia 9, yaani wastani wake wa miezi ya karibuni ni kama milimoli 11.7. Mwingine ana asilimia 12, wastani 16.5. Wa kwanza amepanda mara moja na nusu ya kawaida yake, wa pili yuko karibu na kawaida yake. Wa kwanza ndiye wa kutia shaka zaidi, ingawa glukomita, mashine ya kupima sukari kwa tone la kidoleni, imewaonyesha namba ileile. Na mwenye selimundu au aliyeongezewa damu karibuni, HbA1c yake msiitegemee.

Linaloudhi zaidi ni kwamba hamkusema neno juu ya namna damu inavyotolewa. Katika hospitali moja, ambayo sitaitaja, lakteti ya mama mmoja ilisomeka 5.8 na wanawe wakaambiwa wajiandae. Mkono ulikuwa umefungwa kamba muda mrefu, akaambiwa akunje na kukunjua ngumi, damu ikatiwa kwenye chupa ya kawaida na kukaa mezani zaidi ya saa nzima katika joto. Chembe za damu ndani ya chupa huendelea kula sukari na kutoa lakteti, kwa hiyo namba hupanda yenyewe. Damu hiyo hutolewa kamba ikiwa imelegezwa, hutiwa kwenye chupa ya kifuniko cha kijivu yenye floridi, huwekwa kwenye barafu na kufikishwa maabara mara moja. Iliporudiwa hivyo ilisoma 2.4. Namba ya kwanza ilikuwa ya chupa, na familia ilikuwa imeshaanza kulia! Glukomita nayo hukosea: presha ikishuka na vidole vikiwa baridi, tone la kidoleni halisemi kilicho kwenye mshipa, na upungufu wa damu huweza kuionyesha sukari juu kuliko ilivyo.

Halafu chini ya habari hiyohiyo mkachapa tangazo la mitishamba linalowaambia watu waache insulini. Wanaoacha insulini ndio tunaowapokea na ketoasidosisi, vidonda vya miguu vikiwa vimeoza ndani ya soksi ambazo hakuna aliyezivua.

Naomba mambo mawili. Hospitali ziongeze mistari mitatu kwenye fomu ya maabara: saa damu ilipotolewa, metformini ya mwisho ilimezwa lini, na kreatinini ya mwisho kabla ya kuugua. Lakteti ikiwa juu ya 2, irudiwe ndani ya saa mbili hadi nne, kwa sababu mwendo wake ndio wenye habari. Nanyi chapisheni sahihisho kwenye ukurasa uleule, palepale palipokuwa na tangazo, mkiandika kwamba mwenye kisukari akipumua mara 22 au zaidi kwa dakika, akianza kuchanganyikiwa, au presha yake ya juu ikiwa 100 kushuka chini, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, avuliwe soksi na kukaguliwa miguu, na antibayotiki isingoje majibu ya maabara.

Mfanyakazi wa wodi ya wagonjwa mahututi