Kwa shoga yangu wa Iringa

Lindi, Oktoba

Shoga yangu mpenzi,

Salamu sana. Sisi huku wazima, hofu ni kwenu kwenye baridi. Huku korosho zimeanza kudondoka, na ukipita njia ya Mingoyo harufu ya mabibo inakufuata mpaka nyumbani.

Umeniuliza kama ninayo maisha nje ya ofisi au nimeshageuka jalada. Ninayo, tena ukiyasikia utacheka. Jioni nacheza bao na wazee.

Bao lenyewe hasa, la mashimo 32 na kete 64, si lile la vijana kwenye simu. Alilichonga babu mzaa mama kwa mti wa mninga, na kete zake ni komwe tulizokuwa tukiziokota ufukweni sisi wajukuu. Alipofariki, watu waligawana redio, baiskeli na cherehani. Bao likabaki uvunguni kwa bibi, hakuna aliyelitaka, nikalichukua mimi.

Unajua mwenyewe bao si mchezo wa wanawake barazani. Siku ya kwanza nilipotokea na bao kwapani hapo Mtanda, wazee walinyamaza kama wameona askari wa kodi. Kisha mmoja akasogea kwenye benchi, akasema, "Kaa hapa, mke wangu, nikufundishe." Nikamla nyumba, lile shimo lake kuu la kete, kabla hatujamaliza kunamua, yaani kuingiza kete za akiba mojamoja. Tangu hapo naitwa mke mkubwa, na nikichelewa natumiwa mtoto kuniita.

Aliyenifundisha ni babu, na nikikwambia wapi hutaamini. Ni Rufiji, kwenye foleni ya kivuko. Unakumbuka ulivyokuwa ukinicheka chuoni kwamba kwetu ni mbali kuliko Ulaya? Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 ilikuwa kweli. Basi linatoka Dar alfajiri, masika likizama kwenye tope abiria mnashuka, wanaume wanasukuma, kina mama wanatafuta kuni za kupikia, na konda anaapa kwamba kesho mtafika. Ukifika mtoni napo kivuko kibovu au maji yamejaa. Watu walifahamiana njiani hata wakaozana. Safari moja tulikaa hapo hadi chakula cha njiani kikaisha, tukabaki na mihogo ya kununua kwa wenyeji. Babu hakulalamika. Alikaa chini ya mwembe, akachimba mashimo ardhini safu nne kwa kijiti, akaokota kokoto, akaniita. Kwanza kupanda kete, halafu kula, halafu namna ya kuitunza nyumba usiisafirishe kwa pupa. Hadi zamu yetu ya kuvuka inafika, madereva wa malori walikuwa wamenizunguka wakibishana nicheze shimo lipi. Leo daraja lile la mita 970 unalipita kwa dakika chache, abiria wengi wamelala, wanaamka Somanga kununua samaki wa kukaanga. Sitamani tope lirudi. Ila mtoto wa siku hizi angejifunzia wapi bao?

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo penye habari.

Babu alikuwa Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, wa milima ya Mueda, Msumbiji. Hilo tulilijua, basi. Mengine hakusema na sisi hatukuuliza. Kwetu, unajua, mtoto ni wa upande wa mama. Mama yangu ni wa ukoo wa bibi, mimi vilevile, na mwenye sauti ni mjomba. Babu, pamoja na kutulea wote, kwenye ukoo wetu alikuwa mtu aliyekuja kuoa. Nilipomwambia mjomba nataka kujua watu wa babu, alishangaa kweli: "Unatafuta nini huko? Wewe si wao." Hakuwa na ubaya, ndivyo hesabu yetu ilivyo. Mimi naona hesabu hiyo ina haki kwa akina mama kuliko nyingi ninazozijua, ila kwa mtu kama babu, aliyeacha dada zake ng'ambo ya mto, ilimfuta.

Basi niliwauliza wazee kwa daftari. Hawakusema kitu. Wakiona kalamu wanadhani ni sensa au mgogoro wa shamba. Kwenye bao ndiko walikofunguka. Na wana masharti yao! Nikimfunga mzee, habari zinakatika, anageukia bei ya korosho mnadani. Akinila nyumba yeye, ulimi unalegea. Kuna jioni nilimwachia nyumba makusudi ili aendelee kusimulia, akaziweka kete chini: "Mke wangu, mimi si ombaomba. Cheza."

Huyohuyo ndiye aliyesema, huku anahesabu kete, "Babu yako tuliitana kwa namba kabla ya kujuana majina." Walikuwa manamba pamoja kwenye mkonge. Akanieleza jinsi Mreno alivyowalazimisha watu kulima pamba ambayo haishibishi, na kodi juu yake, na kazi za shuruti kwa aliyeshindwa. Vijana wakawa wanavuka Ruvuma kwa mitumbwi usiku, wanapanda Newala, wanateremka pwani kukata mkonge. Wengi walidhani wanakuja kwa msimu tu. Kisha akaongeza, bila hata kuinua macho, kwamba mtoto wa dada yake babu yupo Rutamba.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa Rutamba.

Ni mzee wa miaka zaidi ya 80, macho hafifu, masikio mazima. Alikuwa kijana watu walipokusanyika kwa mtawala wa Kireno pale Mueda, tarehe 16 Juni 1960, wakapigwa risasi. Vita vya ukombozi vilipoanza mwaka 1964 mama yake alimwambia avuke amfuate mjomba wake. Rutamba ilipofanywa makazi ya wakimbizi mwaka 1965 akapewa shamba hapo. Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975 wenzake wengi walirudi; yeye alikuwa na mke wa Kimwera na mikorosho inayoanza kuzaa. Na babu alikuwa akimtembelea! Miaka yote ile tulipoambiwa babu amekwenda kununua mihogo, alikuwa kwa mpwa wake anacheza bao.

Nililitoa kwenye gunia. Alilipapasa shimo kwa shimo mpaka akafika kwenye ufa wa pembeni, akacheka. Halafu akaniambia kwa upole kabisa kwamba bao hilo ni lake. Shoga, nilitaka kubisha, nikakosa pa kushika. Kwa mila yetu mrithi wa mwanamume ni mpwa wake, mtoto wa dada. Si mjukuu, tena wa kike, tena wa ukoo mwingine! Tukala ugali wa muhogo kwa kisamvu, tukanyamaza kidogo, tukacheza. Alinifunga vibaya, anazijua kete kwa vidole. Jioni akatoa hukumu yake: bao nilitunze mimi, ila nimpeleke nalo Mueda akaone kaburi la mama yake.

Kwa hiyo nina safari. Kiangazi kijacho, Mungu akipenda: Mnazi Mmoja, Ndanda, Masasi, Mangaka, hadi Mtambaswala kwenye Daraja la Umoja, lile la mita 720 lililofunguliwa mwaka 2010, tuvuke mchana kweupe na pasi zetu mkononi. Mjomba alipokasirika nilimwambia naye aje. Anajifanya hataki, lakini juzi kaniuliza nauli.

Nataka na wewe uje. Chukua likizo Julai, nitakupitisha kwanza Newala uone Shimo la Mungu, uchungulie bonde lote la Ruvuma kutoka ukingoni, nikulishe ming'oko, ile mizizi ya porini, kwa pilipili mpaka uombe msamaha kwa yale ya "mbali kuliko Ulaya". Koti lako lete, milimani asubuhi kuna baridi.

Ombi moja: nitafutie kikapu cha milulu, kikubwa, chenye mfuniko, urefu wake bao liingie bila kulazwa upande. Gunia limeshatoboka na kete mbili nusura nizipoteze kwenye bodaboda. Kipe basi la Dar, dada yangu atakipokea. Korosho zako nimezifunga tayari, natafuta mtu wa uhakika tu. Mwaka jana mzigo ulifika kwako nusu, na mimi nilijaza.

Wasalimie watoto na mama.

Ni mimi shoga yako,
Mke mkubwa wa Mtanda