Redio ndogo iliyofungiwa kabatini haitamfaa mtu siku ya maafa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu makala yenu kuhusu vifaa vya kuwa navyo nyumbani yanapotokea maafa. Mengi yaliyoandikwa humo sina ugomvi nayo: maji, tochi, sanduku la huduma ya kwanza. Kilichonifanya nishike kalamu ni kipengele cha mwisho, kile kinachomshauri msomaji anunue redio ndogo ya ridhaa, ile ya wapenzi wa redio wenye leseni, ya kupokea na kurusha, aichaji, aifunge kwenye mfuko wa plastiki na kuiweka kabatini, kwa kuwa siku mitandao ya simu ikizimika redio hiyo itafika popote duniani. Mwandishi wenu hakusema ni nani atakayeitika huko popote duniani.

Redio ya namna hiyo ninayo. Ni Yaesu FT-817, aina iliyoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 2000. Upana wake haufiki sentimita 14, unene hauzidi 4, na pamoja na betri na antena yake fupi uzito ni kilo moja na ushei. Ndani ya kasha hilo kuna mawimbi mafupi, kuna megahezi 50, 144 na 430, na nguvu ya kurusha ni wati 5. Tangu hapo zimetoka nyingine za jamii hiyo hiyo, kama KX2 ya Elecraft na IC-705 ya Icom, zenye mambo mengi kuliko yangu. Nimestaafu kazi ya upimaji ardhi lakini sijaacha kupanda vilima, na redio hii huwa mgongoni. Kwa hiyo sipingi redio. Napinga kabati.

Chukua betri tu. Betri za nikeli za redio za kizazi hiki hujimaliza zenyewe zikiwa zimekaa; uzijaze leo, uzifungie, baada ya miezi kadhaa utakuta sehemu kubwa ya chaji haipo. Ukiamua kutumia betri kavu, zinaingia nane za AA, na hizo ukizisahau humo zitavuja maji makali yanayokula viunganishi. Hata zikiwa zimejaa, redio ikisikiliza tu inakula karibu ampia 0.4, na ikirusha inafika ampia 2. Betri ya ndani ya ampia-saa 1.4 ni saa tatu na kidogo za kusikiliza, na ukianza kuongea zinapungua haraka. Mimi natembea na betri ya nje ya lithiamu, seli nne, volti 12.8, kwa kuwa redio inakubali kuanzia volti 8 hadi 16. Nayo nisipoitumia huwa naipima.

Kisha leseni. Makala ililipita jambo hili kwa sentensi moja, kwamba wakati wa dharura hakuna anayeuliza leseni. Ni kweli kanuni za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, hazikizuii kituo kilicho hatarini kutumia njia yoyote kilicho nayo kuomba msaada. Lakini asiye na leseni haruhusiwi kurusha siku za kawaida. Sasa kama hajawahi kurusha siku za kawaida, ndiyo aanze siku ya gharika, gizani, kuisoma menyu yenye vipengele zaidi ya hamsini kwenye kioo ambacho mimi hata mchana nakisomea miwani? Mtihani wenyewe hautishi: kanuni, umeme wa msingi, tabia za mawimbi, usalama. Tangu mwaka 2003 kanuni za kimataifa hazimlazimishi tena mtahiniwa kujua Morse, ile lugha ya milio mifupi na mirefu. Kila nchi inaamua yenyewe. Mimi niliipenda nikajifunza, ila hiyo ni hiari yangu.

Nije kwenye waya, maana hapa ndipo makala ilipopotosha zaidi. Ile antena fupi ya mpira inayokuja ndani ya boksi ni ya megahezi 50, 144 na 430. Kwenye 144 mawimbi huenda karibu kwa mstari ulionyooka, na dunia ni mviringo. Watu wawili waliosimama kwenye tambarare, kila mmoja ameshika redio usawa wa kichwa, upeo wao ni kilomita kumi au kumi na moja. Weka majengo katikati, unapungua. Ukiongeza nguvu, kilima hakisogei. Ajabu ni kwamba redio hiyo hiyo inaweza kumsikia mwanaanga akiongea kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga kwenye megahezi 145.800, kilomita mia nne juu, kwa sababu kati yenu hakuna kinachozuia. Jirani aliye nyuma ya kilima humpati.

Kwenda mbali kunataka mawimbi mafupi, na mawimbi mafupi yanataka waya mrefu. Hesabu yake ni nyepesi: gawa 143 kwa masafa ya megahezi, jibu ni mita. Kwa 14.2 unapata mita 10 na sentimita chache. Unakata katikati, kila mkono mita 5, na kebo ya kwenda redioni inaingia hapo katikati. Kwa 7.1 ni mita 20 na kidogo. Mimi hukata waya mrefu kuliko hesabu kwa makusudi. Nafunga kamba nyembamba kwenye kifuko cha mchanga, nakirusha juu ya tawi, kamba inavuta waya. Ncha nazifunga kwa uzi wa nailoni. Halafu nataja alama yangu ya wito, yaani herufi na tarakimu zinazonitambulisha hewani, narusha mlio mfupi na kutazama kioo: redio inaonyesha nguvu inayorudi badala ya kutoka. Ikiwa nyingi, nakunja ncha sentimita tano kila upande, nazungushia, narusha tena, natazama tena. Sikati. Kesho mti utakuwa mwingine, na urefu unaofaa huenda ukawa mwingine. Hakuna redio inayokufanyia kazi hii kabatini.

Waya huo wa megahezi 14 ukishapanda, mgeni hushangazwa na jambo moja. Mchana anasikia mabara mengine, lakini mtu aliye kilomita mia mbili kutoka alipo hamsikii hata chembe. Mawimbi yamepanda hadi tabaka la ionosfia, kilomita 300 hivi juu, yakapinda na kurudi ardhini mbali sana; eneo lote la katikati yameliruka. Sasa niambie, Mhariri: mafuriko yamekata barabara, nani anahitaji kuongea na bara jingine? Anayehitajika ni mtu wa wilaya ya pili mwenye boti.

Kwa kazi hiyo unashuka hadi megahezi 7, mchana, na ule waya wa mita 20 unaufunga chini, mita 3 au 4 tu kutoka ardhini. Wanaopenda kusikika mbali watakucheka. Lakini waya uliokaa chini hivyo hurusha sehemu kubwa ya nguvu zake juu, karibu wima, nazo hurudi na kutawanyika pande zote hadi kilomita mia tatu au mia nne, vilima au hapana. Usiku mara nyingi 7 nayo huanza kuruka, ndipo wenye waya mrefu zaidi wanashuka hadi 3.5. Anayetaka redio ya dharura na alijue hili kabla hajauliza bei.

Makala inasema wati 5 zinatosha kabisa. Hapa nakubali nusu. Kituo cha kawaida cha nyumbani hurusha wati 100. Kutoka 100 hadi 5 ni pungufu ya desibeli 13, na kwenye kioo cha mpokeaji kinachopima ukubwa wa ishara, ambapo hatua moja ni desibeli 6, ni hatua mbili na kidogo tu. Si nyingi anga likiwa zuri, ila anga likiwa baya hatua hizo mbili ndizo zote ulizokuwa nazo.

Anayetaka kulisikia hili kwa masikio yake aiweke redio kwenye megahezi 14.100, mtindo wa Morse, na asirushe chochote. Kuna mpango wa vituo 18 vya ishara vilivyotawanywa duniani, na kila kimoja kina sekunde zake 10, hivyo mzunguko mzima ni dakika 3. Kituo kinataja alama yake ya wito kwa Morse, kisha kinatoa milio minne ya sekunde moja moja: wa kwanza kwa wati 100, wa pili kwa 10, wa tatu kwa 1, wa nne kwa sehemu ya kumi ya wati. Nimekaa hivyo na saa mkononi jioni nyingi. Kuna jioni ule wa tatu unausikia waziwazi kutoka bara jingine, na ule wa nne ukitega sikio unaukisia ndani ya kelele. Kuna jioni hata wa kwanza haupo. Nguvu za vituo hazijabadilika. Lililobadilika ni jua, ambalo ndilo hulipa tabaka lile la juu uwezo wa kupinda mawimbi. Madoa ya jua yana mzunguko wa miaka 11 hivi, na NASA na wenzao wa NOAA, shirika la Marekani la bahari na anga, walitangaza Oktoba 2024 kwamba jua limeingia kipindi cha kilele. Anayenunua wakati wa kilele na kufungua kabati miaka mitano baadaye atakutana na anga jingine kabisa.

Kuongea nako kuna namna yake. Kwenye mawimbi mafupi sauti hurushwa kwa upande mmoja tu wa wimbi, na kitufe cha kuzungusha masafa kikiteleza kidogo mtu husikika kama bata aliyekabwa koo; mkono lazima uzoee kumrudisha kwenye ubinadamu wake. Mwenye wati 5 pia haiti ovyo. Anamtafuta anayeita kwa sauti kubwa, anangoja amalize, anataja alama yake ya wito mara moja, ananyamaza. Kuna mzee mmoja wa mbali aliyenifanya niirudie yangu herufi moja moja, Alfa, Bravo, mpaka akaikamilisha. Akauliza natumia nguvu kiasi gani. Nikamwambia wati tano na waya juu ya mti. Akanyamaza, nikadhani anga limetufunga. Kumbe alikuwa anazima amplifaya yake, kile kifaa cha kuongeza nguvu, akarudi nasi tukaendelea sawa kwa sawa, kwa taabu, akiuliza mti gani.

Vijana watanijibu kwamba siku hizi kuna FT8, mtindo wa kompyuta waliobuni Joe Taylor na Steve Franke mwaka 2017, unaonasa ishara zilizozama chini ya kelele kwa zamu za sekunde 15. Ni kweli, na huko wati 5 zinafika kote. Lakini kwa FT8 humwelezi mtu kwamba daraja limevunjika na kuna wagonjwa ng'ambo. Mnapeana alama za wito na vipimo, basi.

Sisemi haya kwa kudharau kazi ya redio wakati wa maafa. Tsunami ya Desemba 2004 ilipopiga Visiwa vya Andaman na Nicobar, wanaridhaa wa India wakiongozwa na Bharathi Prasad walikuwa wako huko tayari, wamekwenda kwa shughuli zao za kawaida za kuongea na dunia. Antena zao zilikuwa juu, wanajua masafa gani yanafika wapi saa ngapi, na upande wa pili kulikuwa na watu waliozoea kuwasikiliza. Walipogeuza kazi na kuanza kupitisha taarifa za visiwani, hawakuwa na cha kujifunza. Mwandishi wenu angeutumia mfano huo, asingeandika neno kabati.

Kwa msomaji aliyekwisha kununua kwa sababu ya makala yenu, aitoe. Kusikiliza katika nchi nyingi hakuna shida hata kabla ya leseni, ila athibitishe kwanza sheria za kwao. Akate waya, aupandishe, asikilize 14 mchana na 7 jioni, aandike kwenye daftari alichosikia, saa ngapi. Akitafute chama cha wanaridhaa cha nchi yake. Umoja wao wa kimataifa ulianzishwa Paris mwaka 1925, na vyama wanachama vipo karibu kila bara. Hapo atapata wa kumsomesha kwa ajili ya mtihani, na, la muhimu kuliko redio yenyewe, watu watakaoitambua sauti yake.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni mchapishe taratibu za kupata leseni na namna ya kufanya mtihani, kwa nafasi ile ile mliyoipa picha ya redio. Na mwandishi wenu akitaka kuona waya unavyopandishwa, namkaribisha. Aje na viatu vya kupandia mlima, na kifuko cha mchanga atabeba yeye.

Wako,
Mpima ardhi mstaafu
Jina na anwani vimehifadhiwa