Ubeti wa pili

Mwanangu,

Nimefika salama. Jana sikukungoja pale ukumbini kwa kuhofia daladala za usiku, si kwa hasira. Wimbo nimeusikia wote na vigelegele nimevisikia. Ila ule ubeti wa pili umeninyima usingizi.

Unaimba kwamba siku ya msiba wa baba yako nililia hadi alfajiri. Ulitafuta kina cha "machozi", ukakipata. Babu yako angekusifu. Yeye alihesabu mizani kwa vidole gotini, nane huku, nane huku, na mstari ukizidi hata mizani moja anaufuta. Lakini mimi siku ile sikulia. Nilikaa juu ya mbuzi nikakuna nazi, moja, ya pili, ya tatu, mpaka shangazi yako akanishika mkono maana nilikuwa nakuna kifuu kitupu. Wewe ulisimama mlangoni, miaka 9, umezikumbatia kandambili za baba yako. Uliona kwa macho yako. Mbona hukuliimba hilo?

Pale Sinza kituo kinaitwa kwa Remmy, na konda akikitaja hakuna anayeuliza Remmy yupi. Remmy Ongala alizaliwa Kongo, akaja hapa Dar es Salaam 1978, akapiga muziki na bendi ya Makassy kisha Matimila. Sauti ile ya mkwaruzo wala huwezi kusema ni tamu. Lakini kifo, umaskini, ukimwi, mambo tuliyokuwa tukiyanong'ona uani, yeye aliyatia kwenye gitaa tukayacheza. Amefariki 2010 na kituo bado ni chake.

Mambo ya studio siyajui, na sikufichi, ulipoacha kazi ya uhasibu nilinuna mwezi mzima. Bado sijaacha kununa kabisa, hasa kodi ya nyumba ikifika. Lakini kama umeamua kuimba ya nyumbani kwetu, yaimbe yalivyokuwa. Kama "kifuu" hakina mwenzake wa kina, basi mstari ubaki bila kina. Babu yako atanisamehe.

Gitaa la baba yako nimelishusha kutoka juu ya kabati. Nyuzi mbili zimekatika, moja imeshika kutu, na panya wameonja mkanda. Njoo Jumapili ulichukue. Nitapika wali wa nazi, na nazi utakuna wewe.

Mama yako