Uhariri wa majarida ya sayansi nao ni kazi

Mhariri,

Kila matokeo ya KCSE yakitoka, gazeti lako hujaa ushauri kuhusu kozi za kuchagua: udaktari, uhandisi, uanasheria, na siku hizi kompyuta. Sijaona mtu akiitaja kazi inayolisha nyumba yangu hapa Mamboleo. Mimi ni mhariri wa jarida la kisayansi.

Nilianza kama mtafiti wa mbu. Kwa miaka mingi ofisi yangu ilikuwa mashamba ya mpunga ya Ahero: gambuti miguuni, upawa mkononi, nachota maji ya majaruba na kuhesabu viluwiluwi kabla jua halijawa kali. Kisha jarida moja likaanza kuniletea miswada, yaani makala za watafiti ambazo bado hazijachapishwa, niihakiki, bila malipo, kama ilivyo desturi yetu. Baadaye nikawa mhariri msaidizi, na mwishowe nikaajiriwa kabisa.

Shemeji yangu aliniuliza tukiwa matangani, "Sasa shemeji, hilo gazeti lako linauzwa wapi? Mbona pale steji ya Kondele silioni?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Aliyeniudhi ni profesa mmoja aliyenipa pole kwa "kuacha sayansi".

Sijaiacha. Kuna mswada ulionifikia (nabadilisha mambo kidogo ili mwenyewe asijulikane) kuhusu dawa ya kuua viluwiluwi. Takwimu zilipangika na lugha ilinyooka. Wahakiki wawili walikuwa wameshaupitisha. Nikafika kwenye picha iliyodaiwa kuwa ya viluwiluwi wa anofelesi, mbu anayeeneza malaria. Wote walikuwa wamening'inia vichwa chini, mkiani wana mrija wa kupumulia uliogusa uso wa maji. Aliyewahi kuchota maji Ahero anajua kwamba kiluwiluwi wa anofelesi hana mrija huo. Yeye hujilaza sambamba na uso wa maji. Wale wa pichani walikuwa kuleksi, hawa wanaotunyima usingizi mjini lakini hawaambukizi malaria. Na kama ndio waliohesabiwa kule uwanjani, basi hiyo dawa ilijaribiwa kwa mbu wasiohusika. Nilimwandikia mtafiti, nikamwomba sampuli zitambuliwe upya kabla hatujaendelea. Hapo profesa aniambie, ni sayansi gani niliyoiacha?

Marehemu Profesa Thomas Odhiambo, aliyeanzisha kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE mwaka 1970, anakumbukwa sana huku kwetu kwa sababu ya kituo cha Mbita kando ya ziwa. Ni wachache wanaojua kwamba jarida la kimataifa la wadudu wa nchi za joto, lililoanza mwaka 1980, lilikuwa la kwake pia, na kwamba alikaa akalihariri licha ya shughuli zote za ukurugenzi. Aliona mbali. Mtafiti wa Homa Bay anayeandika kuhusu funza wa mabua ya mahindi anahitaji mhariri anayelijua shamba la mahindi lililoshambuliwa. Hata Norman Lockyer, Mwingereza aliyeanzisha jarida la Nature mwaka 1869 na kulihariri kwa miaka 50, alikuwa mwanaastronomia, mmoja wa walioigundua gesi ya heli kwenye mwanga wa jua kabla haijapatikana duniani. Sijasikia akipewa pole.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Nilipoomba kupandishwa cheo katika chuo kimoja nilikokuwa nikifundisha, jopo lilihesabu makala nilizoandika, na miaka yangu yote ya uhariri ikapewa sufuri. Mwenzangu alipata alama kwa makala zilizotoka katika majarida yale ya ulaghai, yanayokuandikia baruapepe kukuahidi kwamba kazi yako itachapishwa wiki hii hii ukituma pesa. Makala hizo hazikusomwa na mtu kabla ya kuchapishwa, na sidhani zimesomwa baadaye. Wakuu wa vyuo hulalamika kila mara kuhusu majarida hayo, lakini anayekaa usiku kuchuja miswada hawamtambui. Waipe kazi ya uhariri na ya uhakiki alama. Haihitaji bajeti.

Kwa wazazi na walimu wanaowashauri vijana, sitawaficha: majarida mengi ya hapa nchini hayawalipi wahariri wake, na wengi hufanya kazi hii juu ya mzigo wa kufundisha. Mishahara kamili iko kwa wachapishaji wakubwa wa ng'ambo, na siku hizi mtu anaweza kuwafanyia kazi akiwa Kisumu, stima ikikubali. Nao hawaajiri mtu aliyesomea uandishi peke yake. Wanataka aliyetoka maabara au shambani, mara nyingi mwenye uzamifu.

Anayetaka kujaribu asisubiri tangazo la kazi. Akiwa kwenye uzamili au uzamifu, aliandikie jarida analolisoma, ataje kile hasa anachokifahamu, aombe mswada mmoja wa kuhakiki. Wahakiki ni shida kuwapata mwaka mzima. Barua kama hiyo ikinifikia, naijibu siku hiyo hiyo.

Mhariri wa jarida,
Mamboleo, Kisumu
(Jina nimelificha kwa ajili ya wale ambao miswada yao bado iko mezani kwangu.)