Jina lako ni jiwe

Bukavu

Mwanangu Chantal,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema huko Ujerumani ukitaja jina lako watu wanatabasamu vibaya, na sasa unataka wakuite kwa jina la ukoo tu. Kabla hujaliacha, nisikilize mimi baba yako.

Wanachokicheka nakijua. Jina hilo lilipendwa sana huko, halafu wenye nacho wakaanza kulisema kuwa ni la watoto wa mitaa ya wanyonge, hata wakabuni neno la kejeli, Chantalismus, kwa wazazi wanaochagua majina ya aina hiyo. Dharau hiyo inawalenga wale wazazi, mama. Jina halina kosa.

Wengi hudhani Chantal maana yake ni wimbo, kwa kuwa linafanana na neno la Kifaransa la kuimba. Sivyo. Katika Kioksitani, lugha ya kusini mwa Ufaransa, cantal ni jiwe. Lilikuwa jina la mahali kabla ya kuwa la mtu, sawa na Xavier, ambalo lilitoka kwenye ngome ya Navarra, huko Uhispania.

Aliyelifikisha kwenye ubatizo ni mjane. Jeanne Frémyot alizaliwa Dijon mwaka 1572, akaolewa na baroni wa Chantal. Mwaka 1601 mume wake alipigwa risasi kwa bahati mbaya na rafiki yake wakiwa mawindoni, akafa. Jeanne akabaki na watoto wanne, mdogo akiwa wa majuma machache. Kumsamehe yule rafiki kulimchukua miaka, lakini mwishowe alikubali kuwa mama wa ubatizo wa mtoto wa rafiki huyo. Hapo ndipo huwa nasimama kila ninapoisoma habari yake. Mwaka 1610, pamoja na askofu François de Sales, alianzisha Shirika la Visitation, la watawa wa kike, huko Annecy, wakawapokea hata wajane na wagonjwa ambao mashirika mengine yaliwakataa. Alifariki mwaka 1641, na mwaka 1767 akatangazwa mtakatifu.

Wazazi Wakatoliki wakaanza kuwabatiza binti zao kwa jina lake, Jeanne de Chantal, na polepole ile Chantal ya mwisho ikasimama peke yake. Miaka ya 1940 na 1950 Ufaransa ilijaa akina Chantal, Ubelgiji vilevile, na kwetu likaingia pamoja na Kifaransa na misheni. Vuka Ruzizi uende Rwanda au Burundi, utawakuta wengi. Marekani wengine wanaliandika Shantel.

Shangazi yako alibatizwa Chantal, nawe ukapewa jina lake. Wakati wa Mobutu, mwaka 1972, majina ya kizungu yalipigwa marufuku. Shuleni likafutwa kwenye daftari, akabaki na jina la mababu, ambalo alilipenda na analipenda hadi leo. Lakini jioni, jikoni, nyanya yako alimwita Shantali kwa sauti ya chini ili jirani asisikie. Mwaka 1990, Mobutu alipolegeza kamba, shangazi yako alikuwa wa kwanza nyumbani kwetu kulirudisha kwenye karatasi zake.

Ukitaka wakuite kwa jina la ukoo, sitakukataza; nalo ni letu. Ila Agosti 12, sikukuu ya Mtakatifu Jeanne-Françoise de Chantal, shangazi yako atakupigia simu kama kila mwaka. Atakuita Shantali. Itika.

Baba yako