Tatu, Jumamosi usipulizie

Morogoro, 9 Februari

Shoga yangu Tatu,

Salaam nyingi. Sisi huku wazima, joto tu ndilo linalotutesa, na Jamila homa imemwachia tangu juzi. Nakuandika mbiombio kwa sababu Hamisi anaondoka kesho alfajiri kuja Muheza na nataka barua hii aibebe mkononi. Kwenye simu hatuelewani; kila nikifika penye maana, mtandao unakatika. Habari ya Mwajuma na mahari yake nitakupa siku nyingine, ni ndefu.

Tatu, nakuomba, ile dawa ya wadudu uliyonunua usiipulizie mihogo yako Jumamosi.

Picha za mihogo ulizonitumia nimezitazama moja moja. Vilele vimejikunja kama ngumi, pingili zimekuwa fupifupi, na unga mweupe umejaa kwenye mikunjo. Ni kidung'ata, yule mdudu mdogo mwenye unga mweupe anayefyonza mhogo, hapo hukukosea. Lakini ile picha ya tatu, uliyolipindua jani, ikuze uitazame tena. Kando ya mshipa mkubwa, katikati ya ule weupe, kuna vidonge viwili vya kahawia vilivyovimba, kila kimoja kikubwa kidogo kuliko mbegu ya mchicha. Hao ni vidung'ata waliokufa wakabaki gamba. Na mmoja ana tundu la mviringo. Nilipoliona niliinuka kitini. Ametoka nyigu pale.

Usimfikirie yule nyigu wa kwenye dari la jiko lenu. Huyu urefu wake ni milimita moja na nusu hivi, na dume ni mdogo zaidi. Ni mweusi. Jike utamtambua kwa vipapasio: vina pete nyeusi na nyeupe, na kipande cha kwanza, kile kinachoshikana na uso, kimebapa. Vya dume havina pete, vina vinyweleo. Mabawa ni maangavu, na ule wavu wa mishipa unaouona kwenye bawa la nzi yeye hana, ana kamshipa kafupi tu ukingoni. Miguu ya katikati ina mwiba mnene karibu na kifundo, na ndiyo inayomrusha. Ukimsogezea unyasi, ameshapotea. Wataalamu wanamwita Anagyrus lopezi; hilo jina la lopezi alipewa mwaka 1964 kwa nyigu waliotoka Argentina.

Nimewahi kumtazama akifanya kazi, kwa kioo cha kukuzia, nikasahau chakula cha mchana. Anamkaribia kidung'ata, anampigapiga kwa vipapasio kama mtu anayebisha hodi, mgongoni, ubavuni. Akiridhika anageuka, anampa mgongo, anarudi kinyumenyume na kumchoma. Yai moja linaingia ndani. Buu akianguliwa anamla mwenyeji wake kutokea ndani, na yule kidung'ata anaendelea kufyonza mhogo kwa siku chache kana kwamba hakuna kitu. Halafu anakakamaa, anakuwa kidonge cha kahawia. Tangu yai mpaka nyigu kutoka ni wiki mbili na siku chache. Tena kazi ya jike si kutaga tu: vidung'ata wengine anawachoma na kunywa maji yao tu, nao wanakufa.

Sasa fikiria Jumamosi. Kidung'ata amejificha ndani ya mkunjo, mwilini ana nta, dawa inamteleza. Nyigu anatembea juu ya jani, hana pa kujificha. Nani atakufa kwanza? Shamba la mjomba Athumani unalikumbuka. Alipiga dawa mara mbili, wiki ya kwanza sote tukafurahi, na kiangazi kilipokolea weupe ukarudi mara mbili ya ulivyokuwa. Na Bibi anachuma kisamvu kwenye mihogo hiyohiyo! Huyo aliyekuuzia alikuuliza kama mnakula majani?

Nakwambia haya kwa uchungu kwa sababu nyigu huyu aliletwa kwa taabu kubwa. Kidung'ata wa mihogo si wa kwetu, ni wa Amerika ya Kusini. Aliibuka Kinshasa na Brazzaville mwanzoni mwa miaka ya 1970, akasafiri ndani ya vipando nchi baada ya nchi, na kwa kuwa wote ni majike wanaozaa bila dume, mmoja tu alitosha kuanzisha balaa. Kuna mashamba yaliyopoteza hadi asilimia 80 ya mazao. Mswisi mmoja, Hans Herren, aliyekuwa IITA, taasisi ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto kule Ibadan, Nigeria, akasema tumtafute adui wake huko alikotoka. Kwanza walipata vidung'ata waliofanana naye kaskazini mwa Amerika ya Kusini, wakachukua nyigu wa hao, na nyigu wakamkataa kidung'ata wetu katakata. Kumbe hakuwa yeye, alikuwa ndugu yake, ambaye baadaye aliitwa Phenacoccus herreni. Wa kweli alipatikana Paraguay mwaka 1981. Nyigu wake wakapitishwa karantini London, na mwaka huohuo wakaachiwa Ibadan. Baadaye wengine walimwagwa hata kwa ndege. Wakaenea kwenye ukanda wote wa mihogo wa Afrika, mpaka kwetu huku, na Herren akapewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Hata Thailand, walipovamiwa mwaka 2008, walikuja kumchukua nyigu huyu Benin.

Mimi nikiona lile tundu kwenye jani lako naona safari yote hiyo.

Lakini kuna jambo moja linanitia wasiwasi, nalo picha haiwezi kulijibu. Mpapai wa Mzee Shemboko uko karibu na shamba, na uliniambia nao una unga mweupe. Kidung'ata wa mipapai anapanda hata kwenye mihogo, na nyigu wetu hamgusi kabisa. Anamtaka Phenacoccus manihoti, kidung'ata wa mihogo. Hata yule mwenye mikia miwili mirefu anamwacha. Kwa hiyo chukua kijiti, mfute nta mmoja mmoja. Wa mihogo ni wa rangi ya waridi. Wa papai ni wa njano, na ukimponda anatoa maji ya njano. Angalia kwenye vilele vitano au sita, usiishie kimoja.

Kisha fanya hivi. Chuma vilele vitatu vyenye vile vidonge vya kahawia, tia kwenye chupa kavu pamoja na kipande cha karatasi, funika mdomo kwa kipande cha kanga kuukuu na ufunge kwa mpira. Usitumie chandarua, tundu zake atapita. Weka kivulini, mbali na moto wa jiko. Watakaotoka wahesabu, halafu wafungulie shambani jioni. Ukiona wengine hawana pete kwenye vipapasio, usivunjike moyo. Huenda ni madume, na wapo pia nyigu wengine wadogo wanaomla huyu nyigu.

Na siafu... hapana, si siafu, wale sisimizi weusi uliosema wamejaa kwenye mashina. Wanafuata maji matamu ya kidung'ata na wanamlinda, nyigu akija wanamfukuza. Palipo na sisimizi wengi ndipo utakapoona vidonge vichache.

Kitu cha mwisho, nacho ni kikubwa: tandaza nyasi. Udongo wenu ni wa kichanga, na mhogo wenye njaa unazaa vidung'ata wadogo. Nyigu jike akikuta kidung'ata mdogo anataga yai la dume. La jike analiweka kwenye kidung'ata mkubwa. Basi mahali pa udongo mchovu mnapata madume matupu, na madume hawatagi. Matandazo yakihifadhi unyevu, mhogo unanawiri, na majike wanaongezeka. Zile nyasi alizofyeka Rama kule bondeni bado zipo, au amezichoma?

Nijibu kwa Hamisi, anarudi Jumatano. Ukiponda ni maji ya rangi gani? Mihogo ina miezi mingapi sasa? Kabla ya huu unga kuna mtu yeyote hapo jirani aliyepiga dawa? Vile vipando vya upande wa barabarani ulivitoa wapi, kwa Mama Zuhura au kwa wale wa Korogwe? Bibi amechuma kisamvu wiki hii? Mpe shikamoo yangu, na mwambie asubiri kidogo mpaka tujue. Na chupa ya dawa, kama hujaifungua, si wanaweza kukurudishia pesa?

Ndani ya bahasha niliyompa Hamisi nimetia kile kioo changu cha kukuzia. Kishike karibu na jicho, halafu lilete jani mpaka lionekane vizuri. Watu wengi wanafanya kinyume hawaoni kitu. Kitunze, ninacho hicho kimoja.

Wako,
Mwanahamisi